Kumsomea Baba Sura Nzima

Baba alihamia kwangu Tengeru mwaka ule macho yake yalipokuwa yamebakiwa na ukungu tu. Ilikuwa presha ya macho, ile ambayo ikishakula haitapiki, na daktari alimweleza hivyo kwa upole. Nikamrudia maneno yale kwa Kimaasai ili nihakikishe ameelewa. Alikuwa ameelewa. Aliuliza kama wagonjwa waliobaki nje ni wengi, ili tuwapishe.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri huko Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, kule ambako mlima ni mkavu na upepo unaingiza vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mchungaji alikuwa mbali na alikuja kwa zamu. Siku nyingine zote kanisa dogo la mtaa lilikuwa mikononi mwa baba. Aliongoza ibada, alifundisha watoto, alizika. Aliyafanya hayo huku akilima mahindi na kufuga mbuzi, akitegemea mafunzo mafupi aliyopewa ujanani na Biblia moja iliyokwisha kuchakaa mgongoni.

Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo karibu na soko. Nilikuwa mtu wa kanisani kama watu wengi walivyo: kwaya, vitenge vya sare, na mstari mmoja wa asubuhi ulioingia kwenye simu na kusahaulika kabla chai haijapoa. Ungeniuliza kama naijua Biblia ningesema naijua. Nililelewa katika nyumba ambayo Biblia ilikuwa juu ya meza siku zote.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana baba aliniambia, "Mwanangu, naomba unisomee."

Nikaichukua Biblia. "Zaburi ya ngapi, Baba?"

"Nisomee Marko."

"Sura gani?"

"Anza juu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka iishe."

Nilidhani anatania. Nilisoma mpaka koo likakauka, tukapumzika, nikaendelea jioni, na siku iliyofuata nikafunga duka mapema tukamaliza. Sikuwahi kufikiri kwamba kitabu kile kinaweza kusomwa hivyo, kwa pumzi ndefu, kama mtu anayesimulia jambo lililotokea mtaa wa pili. Watu wanatembea, wanasikia njaa, wanagombana njiani nani ni mkubwa, na mwisho wanawake wanakimbia kwa hofu. Vipande vingi nilivijua. Sikujua kwamba kimoja kinafuata kingine.

Tulipomaliza nilisubiri aseme jambo. Akasema, "Sasa turudi mwanzo."

Mara ya pili tulikwenda polepole. Kila baada ya kipande alikuwa na maswali yake, yale yale, na alinichosha nayo. Nani anasema? Anamwambia nani? Kabla ya hapo kulitokea nini? Nani mwingine yupo hapo na hajasema kitu? Nilipojibu kwa kukisia aliniambia nirudi nisome tena. Baadaye aliongeza zoezi jingine ambalo nililiona dogo mpaka nilipolijaribu. "Funga kitabu," alisema. "Niambie kwa lugha ya nyumbani nini kimetokea." Nikaanza kwa Kimaasai, na nilipofika kwenye neno kama neema, ulimi ukasimama. Neno hilo nilikuwa nimeliimba tangu utoto. Nilipotakiwa kulisema kwa maneno ambayo bibi yangu angeyaelewa, sikuwa na kitu mkononi.

Siku moja, kwenye habari ya wanafunzi na dhoruba, nilisema kwamba hapo Mungu ananifundisha uvumilivu. Baba alitikisa kichwa.

"Wewe bado hujaingia humo ndani," alisema. "Waache kwanza hao watu wamalize shida yao ya maji. Wewe utakuja mwishoni."

"Mbona kanisani ndivyo tunavyofundishwa? Ukisoma, ujiulize unaambiwa nini."

"Ujiulize, ndiyo. Lakini ukianza na wewe, utajikuta wewe tu kila ukurasa."

Nilimuuliza alijifunza wapi kusoma namna ile, kwa sababu mahubiri yake ya zamani niliyakumbuka na hayakuwa hivyo. Akaniambia kwamba alipokaribia kustaafu waliitwa wainjilisti kadhaa kwenye semina, na mwalimu mmoja aliwaambia wakizunguke kitabu kama wanavyomzunguka ng'ombe mnadani, wamtazame mpaka kwato.

"Miaka yote mimi nilikuwa naangalia pembe," alisema. "Na nilipojua pa kuangalia, macho yakaanza kuondoka. Laiti semina ile ingenikuta kijana, mwanangu."

Mimi nilikuwa nafikiria miaka yangu mwenyewe. Wakati macho yake yalipokuwa mazima, nilikuwa naishi nyumba moja naye.

Tulisoma Ruthu, na mume wangu, Mkatoliki, alijiunga nasi akasikiliza akiwa ameegemea mlango. Tukasoma Amosi, baba akacheka pale mchunga mifugo anapowakaripia matajiri. Kisha tukaanza Yohana. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea. Nilikuwa na penseli, na nilizungushia duara kila neno lililojirudia, na baba alipenda kuniuliza nimepata maduara mangapi.

Tulipofika sura ya tisa nilisoma bila wasiwasi, maana ni habari ninayoijua: mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa majibu yote mawili. Nikaendelea mpaka wazazi wanapoitwa na kuhojiwa. Hapo baba aliinua mkono kunizuia.

"Soma tena hapo juu," alisema. "Swali la wanafunzi na jibu lake."

Nikasoma tena. Akaomba mara nyingine. Kisha akaniuliza, "Unamkumbuka yule mzee aliyesimama kanisani kwetu na kofia mikononi?"

Nilimkumbuka. Nilikuwa binti mdogo, nimekaa benchi la mbele pamoja na watoto wenzangu. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ng'ombe wachache, na mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwenye miguu iliyopinda. Nilikumbuka kofia ile ikizungushwa vidoleni. Kwa nini alisimama pale, sikuwahi kujua.

Baba akanieleza. Jumapili ya kabla yake alikuwa amehubiri kutoka kwenye Amri Kumi, pale Mungu anaposema atawapatiliza wana uovu wa baba zao. Alifunga kitabu kabla ya maneno yanayofuata, yale ya rehema. Kisha akasema mbele ya watu wote kwamba katika mtaa huo kuna nyumba ambayo Mungu ameshaiandikia mwilini, na mwenye nyumba anajijua. Kila mtu alijua ni nyumba gani. Wiki iliyofuata yule mwanamume akaja mbele kutubu, na alipoulizwa anatubu nini, alisema hajui, ila anatubu.

"Mistari yote miwili ilikuwa kwenye kitabu kimoja," baba alisema. "Siku ile nilikuwa nimekibeba kwapani."

"Baba, hukujua."

"Yohana nilikuwa nayo. Niliisoma mazishini, kipande cha makao mengi. Sikuwahi kuanza juu."

Wiki nzima hakutaka kusomewa. Jumamosi aliniambia nimpeleke Oldonyo Sambu, kwenye nyumba ile.

Nilimpeleka kwa gari letu dogo, tukapita mjini na kushika barabara ya Namanga. Migomba ya Tengeru iliisha, ikaja nchi ya kijivu na miti ya miiba. Mzee mwenye kofia alikuwa amekufa miaka mingi nyuma. Mjane wake tulimkuta nyumbani, nyumba ya bati yenye ukuta wa udongo uliokandikwa upya. Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa mwanamke wa makamo hivi, miguu imekunjika chini ya kitenge, anapukuchua maharage. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Aliinamisha kichwa, kama tunavyosalimia wazee kwetu ili watuguse utosini, na baba, ambaye hakuona, akapita.

Nilimwambia mama mwenye nyumba, "Shikamoo, Yeyo," yaani mama. Akaitikia, akatupa viti, akaanza kumimina chai ya maziwa. Baba hakungoja chai.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya neno nililolisema kanisani juu ya nyumba hii."

"Lipi, Mwinjilisti?"

"La uovu wa baba na mtoto."

Alimaliza kumimina kikombe, akashika kingine. "Baba yao alikufa nalo," alisema. "Kila mvua ilipochelewa alijiuliza amekosa nini. Alikwenda kwa kaka yake kuomba radhi kwa ugomvi wa fahali ambao kaka mtu hakuukumbuka. Akaenda kwa jirani. Akaenda kwa watu aliowahi kuwakasirikia moyoni tu. Alitafuta mpaka akaugua."

"Nilikosea, Mama. Nilisoma kipande."

"Ulikisoma kwa sauti kubwa," alisema.

Baba aliinamisha kichwa. Aliomba nisome sura ya tisa ya Yohana, na mama yule hakukataa wala hakukubali, alikaa tu na kikombe chake. Nikasoma tangu juu mpaka mwisho: kipofu, tope, kuoga, majirani wanaobishana, viongozi wanaouliza na kuuliza, wazazi wanaoogopa kutengwa na kuwaambia viongozi wamuulize kijana mwenyewe kwa kuwa ni mtu mzima, na jinsi alivyotupwa nje. Nilisoma vizuri siku ile. Nilitaka isikike vizuri kwa sababu nilifikiri ndiyo dawa tuliyoleta.

Nilipomaliza, mama akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Baba akasema, "Hakutenda dhambi, mume wako. Wala wewe. Naomba mnisamehe." Mama akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Ndipo yule wa mlangoni akazungumza.

"Naomba kuuliza."

"Uliza, mama," baba alijibu.

"Wale wazazi walimwogopa nani?"

"Viongozi wa dini. Waliogopa kufukuzwa kwenye ibada."

"Kwa hiyo wakasema aulizwe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Basi huyo angalau aliulizwa," alisema, mikono ikiendelea na maharage. "Wewe umekuja umemwomba mama msamaha. Umemwomba hata baba, naye hayupo. Miguu ni yangu."

Nilikuwa nimekuja na penseli yangu na maduara yangu, nimejifunza kuuliza nani yupo hapo na hajasema kitu, na nilikuwa nimempita mlangoni.

Baba aligeuza uso kuelekea sauti ile. Alikosea kidogo, alikuwa anautazama ukuta. "Sikuuliza," alisema. "Ni kweli. Nakuuliza leo."

"Unaniuliza nini?"

"Ulitaka nini? Wakati ule, ulipokua."

Alijibu mara moja, kama mtu ambaye jibu limekaa tayari. "Kipaimara."

Akatueleza. Baada ya toba ile ya baba yake, hawakumpeleka tena kanisani, wala shule, kwa sababu kumtoa nje ilikuwa kama kutangaza upya. Hakuwalaumu, walikuwa wanaona aibu. Kusoma alijifunza kwa mdogo wake, kwenye madaftari aliyokuwa akirudi nayo. Mwaka ambao wenzake wa rika walipata kipaimara, walipita hapo njiani na magauni meupe, na mmoja wao akamletea kipande cha keki. Alisema keki ilikuwa tamu. Alisema hivyo bila kinyongo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nitakufundisha," baba alisema. "Sina macho, lakini huyu anayo. Tutakuja kila Jumamosi."

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akanyoosha mkono hewani. Yule dada akainamisha kichwa mpaka kikakutana na kiganja chake.

Tulianza na Marko, tangu juu. Nilimsikia baba akimuuliza maswali yale yale niliyoulizwa mimi, na nikaona kwamba dada yule aliyajibu tofauti. Mimi nilikuwa nakimbilia jibu. Yeye alikaa na watu wa kwenye habari kama majirani. Kwa yule aliyepooza na kuteremshwa darini, alitaka kujua waliombeba waliitengenezaje ile dari baadaye, na kama alitembea kurudi nao au aliwatangulia. Baba alifurahi mpaka akapiga goti lake kwa kiganja. Njiani kurudi aliniambia, "Huyu angekuwa mwinjilisti mzuri kuliko mimi."

Mama mwenye nyumba kwa kawaida alibaki jikoni. Siku moja aliketi nasi mpaka mwisho, akamwekea baba bakuli la loshoro, makande ya maziwa mgando, mkononi na kumsaidia kushika kijiko. Nilifikiri labda mambo yanakaa sawa.

Hatukumaliza Marko. Asubuhi moja ya siku ya soko nilimkuta baba amekaa pembeni ya kitanda, mdomo umevutwa upande, kiatu kimoja mguuni. Ilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, anakula, anatujua wote, lakini maneno hayakurudi. Ananitazama, midomo inajiandaa, halafu inaacha.

Nilikwenda Oldonyo Sambu kumweleza yule dada. Alisikiliza, akauliza kama baba anaelewa anaposomewa. Nikasema nadhani anaelewa. Nilikuwa nimezungumza na mchungaji wa sasa, naye alikuwa radhi kumpokea katika darasa la kipaimara, ingawa wengine darasani ni watoto wa shule. Nilimletea habari hiyo nikitegemea atafurahi.

"Nilitaka yeye ndiye anifundishe," alisema. "Yeye ndiye aliyenifungia mlango."

"Anaweza asipone, dada."

"Najua."

Hajaingia darasa lile mpaka leo. Mimi naenda ninapoweza, na siwezi mara nyingi kama nilivyoahidi. Duka lina msimu wake, baba anahitaji kugeuzwa na kulishwa, na gari limezeeka. Kuna Jumamosi nyingi nimeamka nikakusudia kwenda, na ikafika saa sita nikiwa bado nauza mbegu za nyanya. Nikienda, nafanya kama baba alivyofanya. Tunasoma, tunafunga kitabu, anasimulia kwa Kimaasai, namuuliza nani anasema na anamwambia nani. Sauti yangu haina uzito wa sauti yake. Nina miaka michache tu ya kusoma hivi, na miaka mingi ya kutosoma nikiwa na mwalimu upande wa pili wa meza. Yapo maswali ambayo nadhani baba angeyajibu. Yapo ambayo angesema hata yeye hajui, na hilo pia ningependa kulisikia kutoka kwake.

Tulimaliza Marko hatimaye, tukaingia Yohana. Wiki iliyopita tulifika tena kwa yule kipofu. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alipofukuzwa, alirudi nyumbani kwa wazazi wake?"

Nikarudi juu nikatazama. Yesu alimtafuta akampata, hilo limeandikwa. Usiku ule alilala wapi, na kama mama yake alimfungulia mlango, halikuandikwa.

"Sijui," nilimwambia. "Hapa hapasemi."

Aliitikia kwa kichwa, akavuta ungo wa maharage karibu. Tukaanza sura ya kumi.